Mama anayeacha watoto jioni

Syntiche, usinijibu kwanza, soma. Nimetoka sasa hivi kwa darasa letu la jioni, lile la kazi ya jamii.

Ephraïm, yule kijana wa kundi la pili, alisoma mbele ya Prof kesi ya familia aliyotembelea. Hakutaja majina. Mama mumoja anatoka kila jioni, watoto wanne wanabaki na nyanya yao. Nyanya njo aliyeeleza. Eti huyo mama anakwenda kutembea.

Prof akaniuliza: "Mama Pascasie, wewe muzazi, unasema nini?"

Nikasema huyo mama hana huruma, aitwe kwa chefu wa kartie, mukubwa wa mutaa. Nikasema haki ya jamii inaanzia kwa watoto. Walinipigia makofi, Syntiche. Makofi!

Halafu Ephraïm akaongeza: "Hata mbuzi wao anaitwa Député, kama mubunge."

Ni mbuzi WETU. Ni mama mukwe wangu aliyeongea; masomo yangu ya jioni njo anaita kutembea.

Daudi alikuwa na nabii Nathani wa kumwambia "ni wewe". Mimi nimeambiwa na mbuzi.

Nilitaka kusema ukweli. Nikaandika jina la mbuzi kwa daftari, kama wengine.

Kesho jioni darasa zima linakwenda kumwona huyo mama kwake nyumbani. Wamenichagua mimi niongoze, kwa sababu ninajua kuongea na wamama.

Uniombee. Sijui kama nitapiga hodi au nitafungua mulango.