Sahani ya Feza Juu ya Uchaga

Kasongo, Jumatano, Novemba 1957

Mvua imenyesha tangu saa nane na haioneshi dalili ya kukata. Nimekaa mbele ya gramofoni, kifuniko kimefungwa. Najichukia leo.

Niandike kwanza yaliyo mazuri, nisije nikayasahau. Kwa miaka sita nimekusanya sahani za muziki. Mimi ni karani wa kiwanda cha pamba, na kila dereva anayekwenda Kindu ananijua kwa ombi moja: uniletee sahani. Napenda ile harufu ya karatasi ninapoifungua mpya. Napenda kuzipangusa kwa kitambaa laini, kuziandika majina kwenye daftari, kuwaona majirani wakiacha kazi zao na kuegemea ukuta wangu sindano inapogusa tu. Hapo nilikuwa tajiri.

Moja ilikuwa na sauti ya dada yangu, Feza.

Feza alimfuata mumewe Léopoldville, na huko akaimba katika nyumba moja ya kurekodi. Alitutumia sahani kwa posta, ameifunga ndani ya kitenge. Mwaka jana alifariki akijifungua. Mama, ninayekaa naye hapa, huisikiliza kila Jumapili akitoka misa. Hachezi wala halii. Anakaa tu, mikono mapajani, mpaka iishe.

Nimeomba ile kadi wanayopewa weusi walioonekana wamestaarabika. Kabla ya kuipata, Mzungu wa serikali huja kukagua nyumba: vitanda, vijiko, choo, hata unachosikiliza. Leo ilikuwa zamu yangu.

Kwa hiyo jana nilimwendea Gaspari, rafiki yangu mwalimu, nikaazima sahani zake nne za vinanda vya Ulaya. Na leo asubuhi nilizibeba za kwangu zote, ya Feza ikiwa juu, nikazificha jikoni nje, kwenye uchaga ulio juu ya meko, tunapokaushia mahindi. Moto ulikuwa umezimwa. Hakuna aliyenituma. Niliziweka kwa mikono yangu.

Mzungu alichelewa mpaka adhuhuri. Nikaona aibu kumpokea mikono mitupu, nikamwambia mke wangu achemshe kuku. Sikukumbuka uchaga. Nilikuwa nikinyoosha kitambaa cha meza.

Alipofika nilimsalimu kwa Kifaransa changu chote. Akanijibu kwa Kiswahili chao kile, kama mtu anayeita mpagazi.

“Wewe iko na disiki ya Ulaya tu? Ya batu ya huku hapana?”

Mama alikuwa mlangoni akipepeta mchele kwa ungo wake.

“Hapana, Bwana,” nikasema. “Zile ni kelele za mitaani. Mu nyumba yangu haziingie.”

Ungo ukasimama. Sikugeuka.

Akaandika kitu, akasema vizuri. Kuku hakumgusa, hata maji hakunywa. Akapanda gari lake akaenda.

Ndipo nikasikia harufu. Nilikimbia jikoni nikipiga kelele. Mke wangu akashika kichwa: “Baba Sifa, mbona hukuniambia?” Sahani zilikuwa zimelegea na kujikunja kingo kama majani yaliyonyauka. Ya Feza ndiyo imebaki na jina lake likisomeka vizuri kabisa katikati.

Niliijaribu. Sindano ilipanda, ikashuka, ikaruka. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayezama mtoni.

“Zima,” mama akasema nyuma yangu. “Tafadhali, zima.”

Nikazima. Nikaanza kusema habari za moto, habari za Mzungu kuchelewa. Akaniacha nimalize.

“Moto ni bahati mbaya, mwanangu. Lakini ile mudomo yako, moto haikuisemesha.”

Halafu akaingia chumbani kufunga nguo zake. Anataka kwenda kwa mjomba, kule Lusangi. Mke wangu amembembeleza. Mimi nimeshindwa hata kusimama kwenye mlango wake.

Labda kadi nitaipata. Nitaingia dukani kwa mlango wa mbele, nitaitwa bwana fulani. Ninajaribu kuifurahia tangu mchana na siwezi.

Nimeanza barua kwa ile nyumba ya kurekodi, niulize kama wamebakiza nakala. Siamini watajibu. Nani atatunza sahani ya mwanamke aliyeimba mara moja akafa?

Lori la Kabambare, linalopita Lusangi, linaondoka kesho asubuhi. Nitachelewa kazini, waseme watakavyo. Nitambebea mama mzigo wake mpaka kwenye lori, na kabla hajapanda nitamwambia mbele ya abiria wote kwamba nilisema uongo kwa sababu niliogopa, na kwamba ile haikuwa kelele.

Sijui kama atanitazama.