Picha ya Mtoto Ilikuwa Imeganda

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijachanganyikiwa.

Mimi ni mtengeneza programu. Kuna kanuni za kimataifa zinazoelekeza picha na sauti zisafiri vipi ili zifunguke sawa kwenye kila simu na kompyuta, na kanuni zenyewe ni ngumu, zinachosha, kwa hiyo ofisi yetu imeunda zana ya kuwarahisishia watengeneza programu wengine, mtu aandike mistari michache tu video iende, na bosi kila siku anasema punguzeni, bado ni ngumu. Mwezi uliopita akataka tuondoe sehemu inayomlazimisha mtu kuhakikisha picha bado inatembea, haijaganda, eti inawasumbua wateja, nikamwambia hiyo ni ya usalama, akacheka, "Dada, wewe unaogopa hata kivuli chako," akampa mwenzangu kazi hiyo, ikaondolewa.

Juzi nikatumwa hospitali inayojaribu zana yetu, wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, ambako wauguzi wanawaangalia watoto kwa video kwenye kioo cha kompyuta mezani kwao. Nimesimama na muuguzi mkuu, tunamtazama mtoto kwenye kioo, kalala usingizi mtamu, mara mama yake akapiga ukelele chumba cha pili alikolazwa mtoto, tukakimbia, Shangazi, mtoto kabadilika rangi, kifua hakipandi, muuguzi akamsugua mgongo, akampa hewa mpaka akalia, na tuliporudi mezani, kwenye kioo bado kalala vilevile. Muuguzi akaniuliza, "Hii picha ni ya saa ngapi?" Nikasema nitaangalia mtandao, nikaondoka.

Bosi anasema nikifungua mdomo sina kazi, zana inapelekwa hospitali nyingine wiki ijayo, na mdogo wangu ana mimba ya mapacha, daktari kasema watawahi kuzaliwa, na atajifungulia hospitali ileile niliyotumwa. Simu ikilia tu, roho inaruka. Nifanyeje?

Mwenye Hofu

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, lakini pole yangu itakuwa fupi.

Umeniandikia mimi, nisiyejua hata kubadilisha mlio wa simu, na muuguzi aliyekuuliza swali la maneno sita ukamkimbia! Kumrahisishia mtu kazi ni kumtua mzigo ukaubeba wewe. Nyinyi mmeutua juu ya kifua cha mtoto. Kama kuangalia picha kunawasumbua wateja wenu, zana iangalie yenyewe: picha ikiganda, kioo kiwe cheusi na king'ora kilie, bila mteja kuandika chochote. Hilo unaliweza, na bosi wako anajua unaliweza.

Sikungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia kwa namba uliyoniachia, nikakwambia nenda wodini sasa hivi ukamjibu muuguzi. Ulilia, ukaenda. Muuguzi mkuu amezima vioo vyote na wauguzi wamerudi kukaa kando ya vitanda. Bosi naye amekusimamisha kazi, kama ulivyoogopa.

Sasa sikiliza. Leo hii iandikie ile hospitali ya pili, uwaeleze ulichokiona kwa macho yako. Usisaini karatasi yoyote ya ofisini kabla wakili hajaisoma. Halafu nenda kwa mdogo wako umwambie kwa mdomo wako, asisikie kwa watu. Atakasirika, pengine atakufukuza. Usiondoke. Kaa mlangoni mpaka akufungulie, umsindikize kliniki.