Nitafute kwa Somo Yangu

Jumamosi, 2 Agosti

Kaye ya souvenir, ile wenzangu wananiandikia ukumbusho, imerudi. Siku kumi na moja mu mikono ya rafiki yangu Riziki, nilifikiri ameila. Aliileta jana nilipokuwa shambani, akaiacha kwa Mama, hata maji hakunywa. Jalada iko na doa ya mawese ku kona. Nimesugua na majivu, haitoki. Nimekasirika, kiisha nikafungua ukurasa wake na hasira ikaisha.

Anachora vizuri kunishinda. Naandika hapa, juu hakuna mutu atasoma. Wanawake wawili wamesimama mulangoni, mumoja mukubwa, mumoja mudogo. Kitenge moja, sura moja. Kreyo zangu zote za rangi amezimaliza, ile ya kijani imebaki kipande cha kuuma na meno. Chini ya picha ameandika:

Mti unaangusha jani, mimi naangusha wino,
Rafiki wa kweli haonyeshi tu meno,
Njia ikikatika, usiuze maneno.
Ukinikosa, nitafute kwa somo yangu.

Mustari wa mwisho ni desturi yetu hapa Kasongo. Kila musichana anayeandika mu kaye ya mwenzake lazima amalize na "Ukinikosa, nitafute". Wengi wanaandika "mu moyo yako". Mapenzi, mwenzetu wa korali, aliandika "ku mikate ya moto". Ni ya kuchekesha tu, hakuna mutu anayetafutwa.

Riziki na Kiswahili chake, lakini! Somo yangu. Somo ni langu. Tulifundishwa pamoja ku benchi moja, yeye alikuwa anachora ndege. Nimetwaa biki nyekundu, nimekata "yangu", nimeandika "langu" juu. Humu mu daftari yangu ya siri naandika vile tunasema, haina neno. Kaye ni ya kusomwa na watu. Kosa haibaki mule.

Ati nimutafute ku masomo, ku shule. Yeye mwenye anachukia masomo kama dawa ya minyoo. Nimecheka peke yangu.

Jumapili, 3 Agosti

Riziki hakuja ku korali. Sauti ya pili tulibaki watatu, tumeimba kama mbuzi. Mama yake alikuwa ku misa. Nimemusalimia, ameitika na kichwa tu, macho chini.

Jumatatu, 4 Agosti

Riziki amepotea. Tangu Ijumaa. Alituachia kaye, akaenda.

Sasa najua. Baba Mwenda, ule bwana aliyemuoa mama yake kiisha baba yake kufa, amepokea mbuzi za mununuzi mumoja wa zahabu wa Lusangi. Mutu mukubwa, iko na wanawake wawili tayari. Ndoa yake na Riziki ni mwisho wa mwezi huu. Zile mbuzi nimeziona mu lupango, mu kiwanja cha nyumba yao, wiki mbili. Nikamuuliza Riziki, akasema ni za kufuga. Nikaamini, mujinga mimi.

Hakuniambia. Nimemukasirikia kutwa nzima. Kiisha nimeona haya, juu hata mimi sikumuuliza mara ya pili.

Baba Mwenda anatembea anasema mbele ya watu ya kama akimupata hafiki naye hapa Kasongo. Anamufunga kamba, anamupeleka Lusangi siku ile ile.

Jumatano, 6 Agosti

Baba Mwenda alikuja kwetu leo. Na heshima, hiyo ndiyo iliniogopesha. Alikaa ku kiti, alikunywa maji, alimuuliza Mama habari ya mihogo. Kiisha akaomba kaye yangu, na sauti ya mutu anayeomba chumvi.

"Wasichana munaandikaka siri mule."

Ni muzee, ni baba ya rafiki yangu. Nilimupa na mikono miwili. Alisoma na kidole, neno moja moja, midomo inacheza. Picha hakuangalia. Watu wakubwa hawaangaliake picha. Alifika ku "somo langu", kidole kikasimama.

Akasema anaona, mutoto anataka masomo. Akashukuru, akatoka.

Jioni watu wamesema alikwenda ku masomo ya wasichana, hata ni konje, likizo. Amefungua kila darasa. Mulinzi alipomukataza, alimukamata ku shati mupaka vifungo vikaanguka.

Mungu amulinde Riziki kokote iko.

Ijumaa, 8 Agosti



Mama alikuwa anachambua maharagi, kaye iko wazi pembeni. Aliangalia picha, akatabasamu. Akasema tazama, Riziki na somo yake. Nikamwambia hapana Mama, somo ni ya ku masomo. Aliniangalia kama mutu mwenye homa.

"Somo ni mutu, Faida. Ule mwenye ulipewa jina yake."

Riziki mukubwa. Shangazi yake wa Kabambare, dada ya marehemu baba yake. Alikuja hapa mara moja, tukiwa wadogo, na kikapu cha karanga. Mutu akiita Riziki, wanaitika wawili, tunakufa na kicheko. Nilikuwa pale! Nilikula zile karanga!

Mu kitabu ni "somo wangu". Sisi mu kinywa chetu tunasema yangu kwa yote, kwa mutu, kwa masomo, kwa mbuzi. Riziki aliandika vile tunasema. Aliniambia mahali anaenda, mimi peke yangu, na nikamurekebisha.

Tena ile kosa yangu ndiyo imemuficha. Biki yangu ilimupeleka Baba Mwenda ku madarasa matupu. Mama amesema nifunge kinywa, ati yeye hajaniambia kitu.

Nimefurahi mupaka wakati wa kutwanga. Kiisha furaha ikaoza. Aliamini ya kama nitaelewa, na sikuelewa.

Jumapili, 10 Agosti

Zamu ya Mapenzi ya kuandika mu kaye. Alikuja kuitwaa kiisha misa. Kaye haikatazwi. Ukimunyima mutu kaye, umemukataa yeye mwenyewe, na kesho korali nzima inajua.

Lakini Mapenzi ndiye anasoma somo ku misa. Kiswahili cha kitabu iko nacho ku ncha ya vidole. Angeona "langu" na biki nyekundu, na wale wanawake wawili wa kitenge moja pale juu. Angecheka mupaka akae chini. Faida anarekebisha watu na hajui somo ni nini! Sikuweza kuvumilia. Alipokuwa anamusalimia Mama pale inje, nilikata "langu". Nikaandika "wangu".

Kinywa nilifunga, vile Mama alisema. Biki sikuifunga.

Sasa ni saa kumi. Nyumba ya Mapenzi na ya Baba Mwenda zinapakana, ua wa fito tu katikati. Lakini Baba Mwenda alikwisha kuisoma. Mutu hasomi kitu hiki mara mbili. Kwa nini asome mara mbili?

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kuomba kaye. Mapenzi bado anapaka rangi maua yake. Amenichekelea, ati niko na haraka kama bibi arusi. Sikukazana, juu angeniuliza sababu. Nimerudi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemuuza.

Mapenzi alikuja asubui na kaye chini ya kitenge, analia. Jana alipokuwa anachora inje, Baba Mwenda alipita kuomba kaa la moto. Kaye iko ku mukeka, wazi. Alama nyekundu ndizo zilimuvuta jicho. Aliuliza nani amekata mara mbili. Mapenzi akajibu ni Faida, ndiyo tabia yake, anarekebisha kila mutu. Baba Mwenda akainama. Akaweka kidole ku "wangu".

"Kumbe ni mutu," akasema. Na akacheka, kaa la moto bado mu kipande cha kigai.

Ametafuta pikipiki. Anaondoka kesho asubui kwenda Kabambare. Sasa hivi anasuka kamba mupya mbele ya mulango, Mapenzi ameiona.

Nimepiga telefone ya Riziki, imezimwa tangu ile siku. Kabambare rezo ya telefone iko ku kilima tu, na shangazi yake hana telefone. Nilimwambia Mama yote. Nilingoja anipige. Hakunipiga, alikaa chini ku udongo na maharagi yake, na hiyo iliniuma kupita fimbo. Kiisha alisimama, akafunga kitambaa, akasema Selemani anaondoka leo.

Selemani ni motari, mwendesha pikipiki. Anapeleka sabuni Kabambare. Nilipasua ukurasa mu kaye. Mimi mwenye nilikataaka hata kukunjiwa kona. Niliandika:

Ametambua somo. Anakuja kesho. Toka. Ni kosa yangu. Faida.

Sikusoma mara ya pili, sikurekebisha. Selemani alipiga hesabu ya njia mu kichwa, akasema mawe ni mingi lakini akilala njiani kidogo tu, atafika mbele ya Baba Mwenda. Akaweka karatasi ndani ya kofia yake. Sabuni ilikuwa mingi sana nyuma, pikipiki inainama.

Wanasema mudomo unaponza kichwa. Yangu ni mukono, na kichwa ni cha mwingine.

Jumatano, 13 Agosti

Baba Mwenda ameondoka saa moja. Njia ya Kabambare haipiti kwetu. Alipita kwetu. Pole pole, mbele ya lupango, mimi na ufagio mukononi.

Alinisalimia na jina.

Kamba imefungwa nyuma ya kiti.

Alhamisi, 14 Agosti

Hakuna habari. Motari mumoja aliyetoka kule amesema ku soko ya kama aliona pikipiki ya sabuni imekufa njiani, katoni ziko mu majani, mwenyewe anafungua gurudumu. Nilimuuliza kofia yake ni ya rangi gani.  Nani anaangaliaka kofia ya mutu.

Nimefua nguo safi. Kiisha nimezifua tena.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Tumeimba. Sauti ilikuwa inatoka, mimi siko.

Mapenzi alisimama kusoma. "Somo la kwanza," akasema, na sauti yake ikakatika. Watu walifikiri ni mafua. Aliniangalia pale ku korali, na nikaangalia miguu yangu. Mama ya Riziki alikuwa na rozari, lakini vidole haviendi mbele.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuna. Mbuzi za Lusangi zinalia kutwa. Hakuna mutu wa kuzikatia majani, ile ilikuwa kazi ya Riziki.

Jumapili, 17 Agosti

Amerudi. Peke yake.

Kamba bado iko nyuma ya kiti, haijafunguliwa. Niliona ile kamba mbele ya kuona uso wake. 

Amesimulia mwenyewe ku barza, mbele ya watu, na hasira. Alifika kule, mama muzee amekaa mulangoni anabangua karanga. Akamwambia namutaka Riziki. Mama muzee akamujibu: "Riziki ni mimi. Unasema nini?" Akamuuliza mara tatu, mara tatu jibu moja. Aliingia, alipindua kitanda, alivunja mutungi. Mukeka wa pili ulikuwa pale, umekunjwa. Mutoto hakuna, na hakuna mutu alimuona wala kumusikia. Kama ni Nyangwe, kama ni upande wa ziwa, hakuna anayejua.

Katika kurudi alisimama mbele ya lupango yetu. Alimwambia Mama, pole pole, watu wanasikia: binti yako anajua kuandika, basi ajue na kunyamaza. Mama akamujibu ya kama amesikia. Kiisha alinishika mukono, akaniingiza ndani, akafunga mulango na muchana ni mweupe.

Mununuzi wa Lusangi anakuja mwisho wa mwezi. Anataka bibi arusi ao mbuzi zake, na mbili zimekwisha kuliwa. Baba Mwenda anapita kwetu asubui na jioni. Anaangalia tu.

Jumanne, 19 Agosti

Selemani alikuja leo mbele ya saa sita. Mikono yake ni nyeusi ya mafuta, jicho moja limevimba na vumbi. Gurudumu lilimufia kweli. Aliacha sabuni mu majani na pikipiki kwa mutu, akatembea na miguu njia yote iliyobaki. Sabuni nusu imeibiwa. Hakunidai kitu. Amesema hata yeye iko na binti.

Karatasi yangu alimupa Riziki usiku, mbele ya Baba Mwenda kufika, na sasa ameirudisha ndani ya kofia. Mama muzee ndiye alimurudishia asubui, pamoja na karanga kidogo ndani ya kitambaa. Riziki alikuwa amekwisha kuondoka, hakuaga, hakusema wapi, hata somo yake hajui. Riziki alitaka hivyo, shangazi asijue, ili akiulizwa asiwe na neno la kusema.

Nyuma ya karatasi ni mwandiko wa Riziki. Hakuna picha, hakuna shairi. Mustari moja.

Ukinikosa, usinitafuta.

Nimekoroga unga wa muhogo na maji ya moto, nimeibandika mu kaye, ku ukurasa unaoangaliana na wale wanawake wawili. Nimekandamiza na mukono mupaka ikashika. Mama anakaanga karanga, harufu imejaa nyumba.

Usinitafuta. Inafaa kuwa usinitafute. Biki nyekundu iko hapa ku meza. Nimeona kosa, nimeiacha.