Ala ya Singe ya Baba

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Paka wa Mama kazaa tena kwenye kapu lake la nyuzi, na bati la jikoni bado linavuja.

Juzi dalali alileta singe kuukuu ya bunduki kwa yule tajiri anayekusanya silaha za kale. Mimi ndiye humkagulia vitu kabla hajanunua. Dalali akasema mwenye singe ni mheshimiwa fulani, kairithi kwa baba yake. Nikaigeuza kwenye mwanga. Mpini ulipakwa vanishi mpya, lakini ncha ilikuwa imepinda kidogo kushoto, tangu Baba alipoitumia kubandua mlango uliokwama.

Labda hukumbuki kwamba baadaye aliigonga ala yake kwa nyundo mpaka ikafuata ule mpindo. Ulipoiiba, Mama akiwa hoi kitandani, ala uliiacha, ukamwambia mwizi ni mimi. Tangu hapo kila aliposema siku za mwizi ni arobaini, alinitazama mimi, mpaka akafa.

Nikaenda nyumbani kuileta ala. Tajiri akajaribu kuingiza humo singe zake zote, zikagoma. Ya Baba ikaingia mpaka mwisho.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Niuzie na ala."

"Sikuuzii, nakupa. Ila kadi ya maelezo kwenye maonyesho yako naandika mimi."

Nimeeleza ilivyopinda, ilivyoibwa kwa mama mgonjwa, na jina lako kamili. Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi. Njoo na wakwe zako. Nimeandika kwa herufi kubwa, baba mkwe asihangaike na miwani.

Dada yako,
yule mwizi