Historia ya Nyumba ya Rusimbi na Nani Aliyefungua Mlango

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA UMOJA WA DADA, CHUO CHA UALIMU MWAMBANI, KILICHOFANYIKA KATIKA NYUMBA YA UMOJA, RUSIMBI, JUMAMOSI TAREHE 18 MACHI 1995

WALIOHUDHURIA
Shadya Gharib – Mwenyekiti
Regina Leodgar – Katibu
Safina Chande – Mjumbe
Wanachama wengine saba

WAALIKWA
Bi. Mwamini Abdulmajid – mwenye nyumba na mlezi
Aurore Nizigiyimana – mkazi wa nyumba, kutoka Burundi

ASIYEHUDHURIA
Agnesi Feliksi – Mjumbe (alitumwa Katonga kununua samaki wa kikao, hakurudi)

KUMB. NA. 1/95: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa moja na nusu baada ya muda uliopangwa, akawaasa wajumbe kuwahi. Safina alikumbusha kwamba aliyekuwa akisubiriwa ni Mwenyekiti.

KUMB. NA. 2/95: RASIMU YA HISTORIA YA NYUMBA
Mwenyekiti alisoma rasimu aliyoiandika kwa ajili ya sherehe ya mahafali. Ilieleza kwamba Bi. Mwamini, "kwa mapenzi makubwa ya elimu ya mtoto wa kike," aliutolea Umoja nyumba yake.

Bi. Mwamini aliomba kurekebisha. Alieleza kwamba mwaka 1978 aliwapangisha wasichana watano wa chuo chumba cha uani. Kila jioni walifanya mazoezi ya kwaya, na kila Jumapili waliunguza maharage. Alivumilia, kisha akahamia kwa binti yake, mtaa wa Buzebazeba.

"Sikuitoa, wanangu," alisema. "Niliikimbia. Kabla hawajafika wageni wetu wa Burundi, mkimbizi wa Rusimbi nilikuwa mimi."

Mwenyekiti alisema neno hilo halifai kusomwa mbele ya Mkuu wa Chuo. Ilikubaliwa kuandika "aliiacha." Bi. Mwamini aliridhia, mradi iongezwe "kwa sababu ya kelele."

KUMB. NA. 3/95: UKAZI WA AURORE
Safina alitoa hoja kwamba kanuni ya tano inawaruhusu wanachuo pekee kuishi humu. Aurore si mwanachuo, kwa kuwa vyeti vyake vilibaki Bujumbura. Alipendekeza aende kambi ya wakimbizi aliko shangazi yake.

Katibu anafafanua kwamba Safina na Aurore hawasemeshani tangu paka ale samaki wa Safina aina ya migebuka, siku ambayo Aurore alikuwa na zamu ya jikoni. Safina alitaka maelezo haya yafutwe. Yamebaki.

Aurore alipopewa nafasi, alisema hana ugomvi na kanuni, ataondoka. Ila rasimu ina kosa. Imeandikwa kwamba Novemba 1993 "Mwenyekiti na kamati nzima walimpokea kwa mikono miwili."

"Nilibisha hodi asubuhi, mvua inanyesha, miguu imevimba," alisema. "Nikasikia mnabishana. Dada Shadya alisema msifungue, huenda ni majambazi. Wengine mliingia chini ya vitanda. Aliyefungua ni Safina, ameshika mwiko. Akaniambia, 'Ingia, uji unapoa.' Kwetu nilifukuzwa na majirani wanaonijua tangu nikiwa mtoto. Huyu hakunijua hata jina. Nikiondoka, andikeni hivyo."

Mwenyekiti alieleza kwamba yeye hakuwa chini ya kitanda bali kando yake.

Bi. Mwamini alimuuliza Safina kama ni kweli. Safina alijibu kwamba hakumbuki vizuri. Kisha alisema anakumbuka. Aliogopa kama wengine, lakini aliona aibu kumwacha mtu akilowa mlangoni.

Safina aliondoa hoja yake, akatoa nyingine: kanuni ya tano isomeke "wanachuo, na wale ambao Umoja umewafungulia mlango." Wanachama wote waliiunga mkono. Bi. Mwamini, ambaye hana kura, alinyoosha mikono yote miwili.

Mwenyekiti alikubali, shingo upande, kuiandika upya sehemu ya 1993.

KUMB. NA. 4/95: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliomba utulivu mara tatu ili atoe neno la shukrani. Hakusikika, kwa kuwa Safina na Aurore walikuwa wakizungumza, wote wawili kwa wakati mmoja. Kikao kilivunjika saa 11:40 jioni, wao wakiwa bado hawajamaliza.

Shadya Gharib ............................ Mwenyekiti

Regina Leodgar ............................ Katibu