Sifa Zilizomzuia Rhealyn

Kan-abay,
Samar, Ufilipino.
9 Septemba 2019

Mpendwa dada yangu, Mana Osing,

Pokea salamu zetu nyingi. Hali yako vipi huko Taiwan, na yule bibi unayemtunza amepata nafuu? Sisi hatujambo, ila goti linamsumbua mume wangu Berto, na pombe ya mnazi haachi.

Najua unasubiri habari za binti yako. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Rhealyn hatakwenda kusomea udaktari, dada. Nasikitika sana.

Chuo chao, kama ujuavyo, humrudisha mwanafunzi kijijini kwao awahudumie watu, na hapandi ngazi ya masomo mpaka kijiji kimnyooshee mikono kumkubali. Ukunga alipita, uuguzi akapita. Jumapili moja mwezi uliopita ikawa zamu ya udaktari. Walimu wake walikuja, ukumbi ukajaa pomoni.

Mana, walivyomsifu! "Huyu mtoto ana mkono mwepesi," alisema jirani yetu Nay Sepa. "Wajukuu wangu wote kawapokea yeye." Mwingine akasema Rhealyn huja hata mto ukifurika. Mimi natabasamu tu kama mjinga. Kisha Kapitan Isyong, mkuu wa kijiji, akauliza nani anakubali aende. Mkono wangu ulikuwa juu, na wa Berto. Wengine wote waliinamisha macho.

"Si kwamba hatumtaki," Nay Sepa akasema. "Tunamtaka mno. Akienda miaka yote hiyo, sisi tutazalishwa na nani?"

Naye ana sababu. Mkwewe ni mjamzito, na hospitali unajua ilivyo mbali.

Jioni walituletea suman za wali wa nazi, za moto, bado ziko kwenye majani ya mgomba, wakidhani wamemheshimu. Rhealyn alikula nao na kucheka nao. Walipoondoka akaniambia, "Mama mdogo, siku nyingine waombe wanisengenye." Nikacheka, kumbe mwenzangu analia.

Nafasi yake imekwenda kwa msichana wa kijiji cha pili. Nasikia huyo huchelewa kazini kila siku, na watu wake walimnyooshea mikono yote miwili.

Uliapa kwamba utarudi nyumbani siku atakapoitwa daktari. Nilimuuliza nikuambie nini. Aliendelea kuosha vyombo, kisha akasema, "Mwambie Mama asisubiri. Arudi nikiwa mkunga hivihivi."

Berto na wanangu wanakusalimu, nawe utusalimie binamu Dodong. Bikira Maria akutunze huko ugenini.

Mdogo wako akupendaye,
Nening