Sarafu ya Oreste Niliyoisugua kwa Limau

Ersilia shoga yangu, kitendawili. Nani alikaa ardhini karibu miaka elfu mbili na pua yake, akaja kuipoteza jikoni kwangu kwa dakika kumi?

Kaisari. Yule wa Roma, wa kwenye sarafu ya shaba aliyoiokota marehemu mume wangu Oreste kwenye mizabibu.

Leo binti wa makumbusho alikuja kuichukua, waiweke kwenye kabati la maonyesho pamoja na jina la Oreste. Nikaona haya mgeni aikute kijani vile. Nikaisugua kwa limau na chumvi, kama masufuria yangu. Ikang'aa.

Binti akaishika, akaigeuza upande huu na huu.

"Bibi Ida, ule ukijani ndio uliokuwa unailinda."

Ukijani, Ersilia. Ukijani.

"Na Kaisari yuko wapi?"

"Upande huo nilisugua zaidi, mwanangu. Kwa heshima yake."

Upande wa pili, unaoonyesha ushindi wake vitani, kuna mwanamke mateka anayelia; yeye bado yupo, mpaka mikunjo ya gauni.

Nikauliza, na jina la Oreste je? Akasema litawekwa, ila kwenye kabati la kuwaonyesha wanafunzi jinsi sarafu isivyopaswa kusafishwa.

Nimempa chupa mbili za mafuta ya zeituni aandike wazi kwamba Oreste aliokota tu, hakusugua.